Nani Amemwaga Maji?



Jambo nitakalolisema ni la bafuni, na rafiki zangu wawili walinicheka walipojua kwamba nitaliandika. Walisema kurasa hizi ni za mashairi, habari za mpira na nasaha za waalimu. Hayo ni kweli, lakini mimi nina deni. Kosa langu nililitenda mbele ya bweni zima, na sioni vema kulitengeneza kwa kunong'ona.

Bweni letu lina bafu moja lenye mabeseni sita ya kunawia, yaliyopangwa ukutani katika mstari mmoja. Tangu Januari mwaka huu mimi ndimi kiranja wa usafi. Siku niliyokabidhiwa kazi, kiranja aliyenitangulia alinipeleka mbele ya beseni la tatu kutoka mlangoni, akanionyesha ndoo iliyopasuka ukingo iliyowekwa chini yake, akasema, "Hili linavuja. Dawa yake ni hii." Nikamshukuru. Sikuuliza linavuja wapi, wala tangu lini, wala kwa nini ndoo ile siku nyingine ni kavu na siku nyingine imejaa hata kumwagika. Niliipokea kama mtu anavyopokea ufunguo wa ghala.

Sasa niwaeleze wazazi ambao hawajaingia bafuni mwetu. Chini ya beseni kuna bomba la maji machafu. Linashuka wima kutoka kwenye tundu, kisha linapinda kama shingo ya bata kabla ya kuingia ukutani, na pale palipopinda maji kidogo hubaki daima ili harufu ya mtaro isirudi juu. Sisi wanafunzi tunapaita Shingo ya Bata. Penye kiungo cha shingo hiyo kuna nati kubwa ya plastiki, na hapo ndipo matone yalipokuwa yakining'inia. Kila aliyeinama chini ya beseni lile aliyaona matone yakianguka kutoka kwenye nati, basi kila mtu aliikaza nati. Aliyenitangulia aliikaza. Mimi niliikaza kwa mikono, kisha kwa koleo la kuazima. Fundi aliitwa, naye akaikaza; alipoitwa mara ya pili akaitoa Shingo ya Bata yote akaweka mpya. Akafungulia maji, yakapita, pakawa pakavu. Akapokea ujira wake akaenda zake. Siku nne baadaye dimbwi likarudi, na sakafu yetu ni ya saruji iliyosuguliwa, ikilowa huteleza kama mgongo wa kambale.

Hapana budi niseme pia kwamba maji ya bomba shuleni kwetu si ya kila siku. Shule ipo kilimani, na maji ya mji wa Kigoma hupandishwa kwa pampu kutoka ziwani. Umeme ukikatika au pampu ikisimama, sisi wa juu tu wa kwanza kukaukiwa na wa mwisho kupata. Siku za namna hiyo tunateka maji katika tangi lililo chini karibu na jiko, tunapanda nayo kwa ndoo za lita 20, tunaziba tundu la beseni kwa kizibo, tunamimina, na watu wawili watatu wananawa humo kwa zamu. Katika mabeseni sita ni mawili tu yenye vizibo vinavyoziba, na la tatu ni mojawapo.

Nami, kwa kuwa najiona mtu mwenye akili ya Fizikia, nilianza kuandika katika daftari siku za dimbwi na siku za ukavu. Baada ya wiki tatu nikapata jawabu lililonifurahisha sana. Dimbwi lilitokea siku ambazo bomba halitoi maji! Siku ambazo maji yanatoka kwa nguvu, sakafu ilikuwa kavu.

Wasomaji wapenzi, ninyi mngesema nini? Mimi nilisema hivi: beseni haliwezi kuvuja siku isiyo na maji na kupona siku yenye maji. Kwa hiyo beseni halivuji. Kwa hiyo maji yale yanamwagika kutoka katika ndoo. Kwa hiyo yuko anayeyamwaga. Hatua zote zilinyooka kama reli, nazo zikanifikisha mahali pabaya.

Aliyekuwa akitumia beseni la tatu siku za ndoo ni kijana mmoja wa Kidato cha Kwanza, mdogo wa mwili, mtoto wa mvuvi kutoka vijiji vya kaskazini ya ziwa. Jina lake silitaji, kwa ombi lake. Desturi yake ilikuwa kuamka kabla ya kengele, kubeba maji na kulijaza beseni lile, kwa ajili yake na wenzake wawili. Nilimwita nikamwuliza kwa nini anamwaga maji. Akasema, "Kaka, mimi sijamwaga." Nikamwambia aitazame sakafu. Akaitazama, akanyamaza. Asubuhi nyingine nikamkuta amesimama katika dimbwi na ndoo mkononi. Nikaliandika jina lake katika kitabu cha makosa. Wiki iliyofuata nikaliandika tena, na mara ya tatu nikaliandika kwa wino mwekundu, nikaongeza neno "mkaidi". Kwa kanuni ya bweni letu, aliyeandikwa mara tatu hukosa safari ya muhula. Na safari ya muhula huu kwa Kidato cha Kwanza ilikuwa kwenda Gombe.

Wageni huvuka bahari ili wafike Gombe kuwaona sokwe, lakini wengi wetu tuliozaliwa hapa hapa hatujafika. Kijana yule kila likizo hupita mbele ya msitu ule kwa boti akienda kwao, akiuona kwa mbali, wala hajapata kukanyaga ndani. Siku ya safari wenzake waliteremka Kibirizi alfajiri kupanda boti, na yeye akabaki akisugua sakafu ya bafu. Alipomaliza alikwenda kukaa chini ya mwembe. Nilimwona, nami nikapita.

Jumamosi ile ile maji yalikuwa yamekatika. Nilikuwa na mashati mawili meupe ya kusuuza. Nikateka ndoo yangu, nikaliziba beseni la tatu, nikamimina taratibu sana ili hata tone lisidondoke, kwa kuwa kiranja wa usafi hana budi kuwa mfano. Nikatia bluu ya kufulia, maji yakawa kama ziwa wakati wa adhuhuri. Nikasuuza shati la kwanza, nikatoka kwenda kulianika. Niliporudi sakafu ilikuwa na dimbwi. Na dimbwi lile lilikuwa la bluu.

Nakiri kwamba kwanza niligeuka kutafuta mtu wa kumlaumu. Bafu lilikuwa tupu.

Nikainama. Matone ya bluu yalikuwa yakining'inia penye nati ya Shingo ya Bata, mahali pale pale. Nikataka kuikaza, mkono ukawa umekwisha kuishika, ndipo nikakumbuka kwamba kizibo kipo. Tundu limezibwa! Kama tundu limezibwa, maji ya beseni hayajashuka ndani ya bomba. Nikaileta ile ndoo iliyopasuka, nikaifungua Shingo ya Bata kwa mikono, nikamwaga maji yaliyokuwamo. Yalikuwa ya kijivu, yenye povu la sabuni ya jana, wala hayakuwa na bluu hata chembe. Basi bomba ndani halikuwa na bluu, na nje linadondosha bluu. Nilikaa sakafuni katika maji yale kwa muda, na sikuwa nikiwaza habari za bomba.

Jumapili iliyofuata nikaomba ruhusa kwenda Ujiji kumwona babu yangu. Babu ni mzee sasa, lakini katika ujana wake kazi yake ilikuwa kukalafati mitumbwi ya mbao, yaani kushindilia pamba na mafuta katika nyufa za mbao ili maji yasiingie. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza mbona nina uso wa mtu aliyefiwa. Nikamweleza habari yote, pamoja na ya kijana na Gombe.

Hakusema lolote juu ya kijana. Aliniuliza, "Mlipanguza?"

Nikasema, "Ndiyo babu, sakafu hupanguzwa kila siku."

"Sikuulizi sakafu. Bomba lenyewe. Mlilipanguza likakauka kutoka juu hata chini, kisha mkakaa mkalitazama?"

Nikasema hapana.

"Basi ninyi mlitazama tone linapotokea, hamkutazama linapoingia. Mtumbwi ukiwa na maji tezi, tundu lake huenda liko omo. Sisi tulikuwa tukiuvuta mtumbwi juu ya mchanga, tunaukausha nje, tunatia maji ndani, kisha tunauzunguka tukitazama. Linapotoka tone la kwanza tunatia alama ya mkaa. La kwanza, mjukuu wangu. La pili na la tatu yanafuata tu njia."

Wakati wa kurudi nilipita penye jiwe la kumbukumbu la Livingstone, ambalo sisi wenyeji tumelizoea hata hatulioni. Siku ile nililiona, kwa sababu nilikumbuka somo la Historia. Burton na Speke walifika Ujiji mwaka 1858, na moja ya maswali makubwa ya wakati ule lilikuwa ni hili: maji ya Tanganyika yanatokea wapi? Wako waliodhani yanatoka upande wa kaskazini kwa mto Rusizi na kwenda kuwa Nile. Mabwana wa London waliendelea kubishana miaka kumi na zaidi, ilhali Burton na Speke walikuwa wamekwisha kuambiwa na wenyeji huko Uvira kwamba Rusizi huingia ziwani, hautoki. Mwaka 1871, baada ya kukutana hapa Ujiji, Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi, wakaenda kaskazini mpaka penye mlango wa Rusizi, wakautazama kwa macho. Unaingia. Mlango wa kutokea ulikuwa ng'ambo, upande wa magharibi, nao ni mto Lukuga. Cameron aliuona mwaka 1874. Stanley alipoufikia mwaka 1876 aliukuta umezibwa na matete na matope, hata ikawa shida kusema kama unakwenda au haukwendi. Na mwaka 1879 Hore, mmisionari aliyekaa Ujiji, akaukuta unakwenda kasi, kwa kuwa kizuizi kilikuwa kimevunjika. Ziwa likashuka, na ndiyo maana jiwe la Livingstone leo liko mbali na ufuko. Ziwa lenye kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, nalo lilikuwa na kizibo chake!

Lakini lililonichoma si habari ya Lukuga. Lililonichoma ni wale wenyeji wa Uvira. Waliulizwa, wakajibu kweli, na maneno yao hayakumaliza ubishi. Mimi nilikuwa na mwenyeji wangu wa beseni la tatu. Nilimwuliza mara moja tu, akanijibu kwa maneno matatu.

Jumamosi nikamwita. Nilimwambia kwamba nataka anisaidie kutafuta maji yanatoka wapi, naye akanitazama kwa mashaka, kama mtu anayedhani hii ni adhabu ya nne. Tukalipangusa bomba kwa kitambaa kikavu, kutoka chini ya beseni hata ukutani. Kisha tukalizungushia vipande vya karatasi laini mahali patatu: juu kabisa panapokutana na beseni, katikati, na penye nati. Tukaziba, tukamimina maji, tukatia bluu. Yeye akalala chali sakafuni na tochi, mimi nikakaa na saa. Dakika ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Ya nne akapiga kelele, "Kaka! Ya juu! Ya juu upande wa ukuta!"

Nikalala karibu naye. Karatasi ya juu ilikuwa imeanza kugeuka bluu, upande ule wa ukutani ambao mtu hauoni asipolala chali. Karatasi ya katikati ilikuwa bado nyeupe. Baadaye nayo ikalowa, na mwisho kabisa ile ya nati. Maji hayakuwa yakitoka katika nati hata kidogo. Yalikuwa yakishuka kwa nje, yameshikamana na bomba, mpaka yakutane na ukingo wa nati, na hapo ndipo yalipokosa njia yakaanguka.

Tulipolifungua tukaona asili yake. Kwenye tundu la beseni kuna kipete cha chuma, ambacho kizibo hukaa ndani yake. Chini ya kipete fundi wa zamani alikuwa ameweka putti ili maji yasipenye, na upande wa chini wa beseni kuna raba pana inayobanwa na nati yake. Putti ilikuwa imekauka na kumeguka kama mkate wa juzi. Raba ilikuwa ngumu kama biskuti. Basi mtu anaponawa kwa maji ya bomba yanayotiririka, tundu likiwa wazi, maji yanapita katikati ya kipete na kwenda zake, hayakai. Lakini tundu likizibwa na maji yakasimama, yanakizunguka kipete kwa uzito wake na kwa subira yake, yanapenya chini na kutoka kwa nje. Tulipima: beseni lililojaa, kwa muda wa dakika kumi, lilipoteza nusu lita. Asubuhi ya ndoo hujazwa mara tano au sita. Ndiyo sababu lilivuja siku zisizo na maji, na ndiyo sababu fundi aliyejaribu kwa kufungulia bomba aliona pakavu. Mimi nilikuwa nimeandika ukweli huo wote katika daftari langu, kwa mkono wangu, nikausoma kinyume.

Kulitengeneza hakukuwa kazi ya ajabu, ila kulikuwa na uchafu mwingi. Kwa idhini ya mwalimu wa bweni tulinunua raba, putti na utepe mweupe wa mafundi bomba katika duka la vifaa pale Mwanga. Raba yenyewe bei yake ni chini ya bei ya soda. Kazi ndefu ni kukwangua putti ya zamani mpaka beseni liwe safi kabisa, maana mpya haishiki juu ya uchafu. Tukaivingirisha putti mpya kama kidole chembamba, tukaizungusha chini ya kipete, tukabandika. Upande wa chini tukatia raba mpya, tukazungusha utepe katika meno ya bomba kufuata upande ambao nati hukazwa, tukakaza. Tukajaza maji, tukatia bluu, tukangoja kwa fahari. Ikavuja!

Nilikuwa nimekaza mno. Nilipozungusha nati chini, kipete kilizunguka juu, kikaivuta raba upande mmoja. Yule kijana akasema afadhali mmoja akishike kipete kutoka juu, na akaleta vijiko viwili kutoka sandukuni mwake, akavipachika vikiwa vimepishana ndani ya kipete, akashika. Nikakaza kwa mkono mpaka ikakataa, kisha kwa spana robo ya mzunguko tu. Putti iliyozidi ikatoka pembeni tukaifuta. Tangu siku ile pamekuwa pakavu, na siku za ndoo zimepita nyingi. Ile nati ya Shingo ya Bata, iliyokazwa na kila mtu, tuliikuta na ufa. Katika kutibu mahali pasipougua tulikuwa tumepajeruhi. Ilitubidi kununua nyingine, na hiyo ilikuwa ghali kuliko raba.

Usiku ule, bweni lilipokuwa likihesabiwa, nilisimama nikasema mbele ya wote kwamba maji hayakumwagwa na mtu, na kwamba jina lile niliandika kwa makosa mara tatu. Kisha nikamwomba radhi kwa mkono. Aliniambia maneno ambayo sijayasahau. Alisema, "Kaka, hata mimi nilikuwa nimeanza kusadiki kwamba ni mimi. Nilikuwa nateka ndoo nusu nusu, napanda mara mbili."

Basi haya ndiyo maoni yangu, na wanaoyapinga waniandikie katika toleo lijalo.

Kwanza, ndoo ile itolewe. Si ndoo yangu tu, bali kila ndoo, kopo na tambara lililowekwa chini ya kitu kinachovuja katika shule hii, na naamini katika shule nyingine na nyumba nyingine pia. Ndoo ikikaa siku tatu hugeuka kuwa fanicha. Sisemi isiwekwe kabisa. Ya siku ya kwanza ni ya lazima. Nasema iwekwe pamoja na karatasi yenye tarehe na jina la anayetafuta mahali panapovujia.

Pili, kila bweni lipewe sanduku dogo la vifaa: koleo, utepe, raba za namna mbili tatu, na ile spana ya kupanuka ambayo mafundi wana jina lao kwayo ambalo Mhariri hatalichapa. Nimesikia jibu la baadhi ya wakubwa, kwamba wanafunzi wataharibu. Huenda. Sisi wenyewe tuliharibu mara ya kwanza, na nimeeleza. Lakini tumefundishwa kanuni za mgandamizo wa maji, tunazikariri kwa ajili ya mtihani wa Novemba, na katika miaka minne hakuna aliyetuambia tufungue hata nati moja tuone. Mwaka 1960, Jane Goodall alipokuwa na miezi michache tu katika msitu wa Gombe, alimwona sokwe akichomeka jani la nyasi katika kichuguu na kuwavua mchwa kwa hilo. Yaani sokwe wa Gombe wana vifaa vyao. Kidato cha Nne hakina spana.

Wako pia wanaosema, kwa nini kuhesabu matone na ziwa lote lile liko chini yetu? Hao wabebe ndoo ya lita 20 kutoka kwenye tangi hadi bafuni kabla ya kengele, kisha tuendelee na mazungumzo.

Tatu ni habari ya kitabu cha makosa, na hapa nasema na viranja wenzangu, na kidogo na waalimu, kwa heshima. Kitabu chetu kina safu ya jina, safu ya kosa na safu ya adhabu. Hakina safu ya kuandika mtuhumiwa alisema nini, wala ya kuandika kiranja alitazama nini kabla ya kushika kalamu. Naomba safu hizo mbili ziongezwe. Rafiki yangu mmoja, naye ni kiranja, anasema zitatuchelewesha. Ni kweli zitatuchelewesha. Ile ya kwangu ingenichelewesha dakika nne, na kijana angekwenda Gombe.

Wazazi nao nawaomba neno. Mtoto akirudi likizo na barua kwamba ameandikwa kitabuni mara tatu, msianze na fimbo. Baba wa kijana huyu, nimeambiwa, alipata habari kwa mtu wa boti kabla haijapata kusahihishwa, na maneno aliyomtumia mwanawe sitayaandika. Nimemwandikia barua. Sijui kama imefika, maana nayo imekwenda kwa boti.

Jina limefutwa katika kitabu kwa idhini ya mwalimu, mara zote tatu, ila wino mwekundu bado unaonekana ukiuelekeza ukurasa kwenye mwanga. Nimeomba mwakani aruhusiwe kwenda Gombe pamoja na Kidato cha Kwanza kitakachokuja, ingawa yeye atakuwa cha Pili. Jawabu bado. Mimi wakati huo nitakuwa nimeondoka, kwa hiyo naliweka ombi hili hapa katika maandishi, ili asiseme mtu kwamba halikupata kutolewa.

Na sasa beseni la tano limeanza. Kizibo chake ni kile cha pili kinachoziba. Nimelipangusa mwenyewe jioni hii na kulifunga karatasi tatu. Kijana amelala chali chini yake na tochi, mimi nimekaa mlangoni na daftari hili, na dakika ya tatu inapita.